Shamba la Bila

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, saa nne asubuhi, pale bwana shamba alipopigilia kibao kwenye shamba la Isikeli kikiwa na neno moja: BILA.

Ng'ambo ya mfereji akapigilia kingine: NAO. Hilo lilikuwa shamba la Waisea, kaka wa mke wa Isikeli. Nao, yaani pamoja na vijidudu. Bwana shamba alikuwa ameleta mfuko wa unga mweusi kama masizi, akaeleza kwamba humo wamo bakteria wema wanaokaa kwenye mizizi ya magimbi na kuilisha mchana na usiku, bila kuchoka wala kudai mshahara. Isikeli akanong'ona kwamba ndiyo maana wakubwa wamewapenda.

Akauliza mbona yeye hapewi. Akajibiwa kwamba lazima apatikane mmoja wa kushindwa ili ushindi wa mwenzake uonekane. Walikuwa wamemtazama juu hadi chini, wakaona anafaa. Mfuko akaachiwa Waisea, aumwage mwenyewe miche ikishashika.

Kilichomuuma ni kwamba kwa jasho shamba lile lilikuwa la Unaisi, mkewe. Udongo wa kisiwa cha Taveuni umechoka kwa magimbi ya kupelekwa ng'ambo, mwaka nenda mwaka rudi, na Unaisi peke yake ndiye aliyeupumzisha. Misimu minne aliacha maharage ya kutambaa yafunike ardhi, maharage yasiyoliwa wala kuuzwa, kisha akayafukia. Watu wa ofisi ya bwana shamba walimcheka, wakaliita shamba la kufugia panzi. Sasa magimbi yale yakidumaa, kijiji kizima kingesema walimcheka kwa haki.

Unaisi hakukasirika. Aliuliza tu kama kibao kitakaa pale mpaka mavuno. Akaambiwa kitakaa.

Mwezi Juni moyo wake ukazimika. Dawa yake ilikuwa njiani kutoka kisiwa kikubwa tangu Aprili; ilifika siku ya nne baada ya mazishi, na mihuri yote ikiwa mahali pake. Tangu hapo Isikeli hakulima kwa ajili ya tumbo. Alipalilia kama mtu anayeandaa kesi.

Magimbi yakamsikia. Kufikia Oktoba jani moja la BILA lingemkinga mtu mzima na mvua. Ya NAO yalikuwa ya njano, yamejikunja kama masikio ya mbwa mgonjwa. Waisea, ambaye hakuwahi kumnyima shemeji yake utani hata siku moja, alisema vijidudu vyake ni vya serikali, bado viko likizo.

"Au vinakuiga wewe, shemeji," Isikeli akamjibu. "Vimekuona umelala, navyo vikajilaza."

Waisea akacheka kidogo, akainama kung'oa majani.

Siku ya mavuno akaja mkubwa mwenyewe kutoka Suva, mji mkuu, na hotuba iliyopigwa chapa hukohuko. Alisimama kati ya mashamba mawili akaisoma yote. "Kama mnavyojionea," alisema, kidole chake kikielekea kwenye magimbi ya NAO, yaliyokuwa na unene wa ngumi ya mtoto mchanga, "tofauti ni kubwa." Watu wakatazama vidole vyao vya miguu. Bwana shamba akatazama bahari.

Isikeli akanyanyua gimbi la BILA kwa mikono miwili, akalitua mezani, juu ya hotuba.

"Hili halikupewa kitu, mheshimiwa. Hili ni la mke wangu na maharage yake ya panzi. Andika jina lake."

Mkubwa hawi mkubwa bure. Alipangusa udongo kwenye karatasi zake, akasema hapo ndipo alipokuwa anaelekea tangu mwanzo. Kabla chakula hakijapakuliwa alikwishaamuru maboksi yote ya unga mweusi yarudishwe na meli, na kila shamba kisiwani lipandwe maharage kwa njia ya Unaisi. Jina likaandikwa. Isikeli alisimama nyuma ya karani, akilifuata herufi kwa herufi.

Magari yalipoondoka walibaki mashemeji wawili mkekani, bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi, katikati. Isikeli akasema leo ndiyo amemzika mkewe vizuri. Akasubiri utani. Haukuja.

"Ule mfuko haukumwagwa kwangu," Waisea akasema.

Isikeli akamwuliza aliuuza kwa nani.

"Aliuomba Unaisi. Wiki ile ile ya vibao."

Huku dada mtu mzima hamsemeshi kaka yake ovyo. Hata chumvi huiagiza kwa mdomo wa mwingine. Akija mlangoni mwenyewe, kaka hana pa kukataa.

"Alikuja kwa miguu yake, shemeji. Akanikataza nisikwambie. Siku uliyokwenda bandarini aliukoroga na maji, akanyunyizia shamba lako shina kwa shina, mpaka ukaisha."

Isikeli akakiweka chini kifuu chake cha kunywea, kikiwa bado kimejaa.

"Kama aliyaamini maharage yake," akauliza, "alikuja kuuomba wa nini?"