Propela ya Mtu Mmoja

Nzaro alifunga tena propela ndefu kwenye ndege waliyojiundia, na ncha yake ikakwangua ardhi tena. Akaifungua, akarudisha ile fupi. Hiyo haikugusa chini, lakini jana iliwakimbiza yeye na mkewe hadi mwisho wa uwanja bila kuwainua.

“Basi, tutumie hii fupi,” alisema. “Nitaruka peke yangu.”

Mkewe, Mbodze, alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma. “Mabawa yote haya nimeshona mimi, halafu nibaki kukupungia mkono?”

“Mama Kadzo, shuka kwanza.”

“Sishuki. Funga ile ndefu, uirefushe miguu ndege yako.”

“Miguu nimeshaichomelea!”

“Ikate.”

Nzaro aliitupa spana majanini. Alichuchumaa akiikodolea macho miguu ya ndege, na juu yake akasikia Mbodze akifunga mkanda.