Ubeti wa Nane

Asubuhi ya sherehe ya ushindi, kabla bendera hazijapandishwa, Nefise alimkuta Mwalimu Rasim akikariri shairi lake la vita. Kila ubeti ulimtaja kijana mmoja wa mji ule aliyekufa akipigana na wakoloni. Wa nane ulimtaja mwana wa Nefise, Tevfik.

"Mtoe mwanangu humo," alisema. Akauvuta ushungi wake. "Nani aliyemzika?"

"Mama, mwaka wa tatu huu tangu apotee! Hii ni heshima."

"Heshima yako wewe! Ukishamtaja, majirani watakuja kuweka viatu vyake nje ya mlango, kama vya maiti yeyote, na mpita njia atavibeba. Soli nimezitia juzi tu. Akirudi atavaa nini, mashairi yako?"

Mwalimu alicheka, kisha akaacha.

Uwanjani ngoma zilinyamaza, Mwalimu akaanza kusoma. Nefise alisimama mbele kabisa, akihesabu beti kwa vidole. Wa sita. Wa saba. Watu wakaanza kumgeukia, wengine leso mkononi. Mwalimu akamtazama, akalamba kidole ili afunue karatasi ya ubeti wa nane, na kidole kikabaki hewani.