Neno Kwenye Cheti

Cheti kilirudishwa mara ya pili, na Shomvi akakisukuma tena ndani ya dirisha la dawa la hospitali kwa kiganja chake chenye saruji.

“Kaka, nimeshakwambia. Hapa imeandikwa dawa ya kutoa mimba,” mfamasia alisema. “Hiyo sitoi.”

“Soma mpaka mwisho. Mimba iliyofia tumboni. Mtoto amekufa tangu juzi, dada. Sasa unataka atokeje, apige hodi?”

“Daktari angeandika ‘kuanzisha uchungu’ ningekupa sasa hivi. Vidonge ni vilevile, ila neno hilo litaniponza. Mwambie abadilishe.”

“Kaenda semina, harudi mpaka keshokutwa!”

“Basi subirini.”

Shomvi alipiga ngumi dirishani mpaka chupa zikatikisika. “Uchungu? Muulize mke wangu kama bado haujaanza!”

Mwanakombo, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na homa yake tangu asubuhi, aliinuka bila kusaidiwa. Alikuja akiburuta kandambili, tumbo la miezi saba mbele, akamsogeza mumewe pembeni. Hakupaza sauti. Aliushika mkono wa mfamasia, akauvuta nje ya dirisha, akauweka juu ya tumbo lake.

“Sikilizia hapo, mdogo wangu,” alisema. “Akicheza, narudi nyumbani kusubiri.”

Mkono wa mfamasia ulibaki palepale juu ya kanga. Ule wa pili ulikuwa shingoni, umeshika ufunguo wa kabati la dawa ulioning'inia hapo.