Bibi wa Mlango wa Pili

Bangili ya shule haikuhesabu wema uliomtendea ndugu yako wa damu. Tunu alimwogesha bibi yake miaka miwili, na taa ya bangili haikuwaka hata siku moja. Na asiyetimiza saa mia mbili za kujitolea hakuruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne, hata awe na akili za namna gani.

Ndipo mama yake na jirani yao, Mama Sijali, wakafanya kama mtaa mzima: wakabadilishana wazee. Babu yake Sijali akaletwa kwa kina Tunu pamoja na mkeka wake, naye bibi akahamia na kuandikishwa mlango wa pili, kwa Mama Sijali.

"Mama, bangili inasikia," mama yake Tunu alimsihi bibi. "Usimwite mjukuu. Na ule utani wenu wa mke mwenza, uacheni."

"Nimesikia, mwanangu."

Jumamosi Tunu akapiga hodi, beseni mkononi. Alimsugua bibi mgongo, akamkausha katikati ya vidole, akampaka mafuta ya nazi kwenye lile goti linalomsumbua. Taa ikawaka kijani. Tunu akamkonyeza.

Bibi alimtazama kwa adabu.

"Ahsante, binti. Mikono yako laini. Mtoto wa nani wewe?"

Tunu akaifunika bangili kwa kiganja na kumwinamia sikioni. "Bibi, sasa haisikii. Ni mimi, mke mwenzio."

Bibi akafikiri kidogo.

"Mimi sijapata kuwa na mke mwenza, binti."

Chini ya kiganja, taa iliendelea kuwaka kijani.