Goti la Okwara

Roselida aliinua mchi kwa mikono miwili, akalenga goti la mwanawe aliyekuwa amelala, akapiga.

Okwara aliamka na ukelele uliotawanya kuku wote uani. Alikuwa amevua omena, dagaa wa ziwani, usiku kucha, na sasa saa sita mchana usingizi ulikuwa bado mzito. "Mama! Umerogwa?"

Roselida alipiga tena. Mfupa ukalia ko, kama muwa.

"Haya, nenda hicho kisiwa," alisema. "Nenda nikuone."

Rais mpya alikuwa na wiki tatu tu kitini. Yule wa zamani alizoea kusema kisiwa cha Wakoli kitazungumzwa polepole na wenzetu wa ng'ambo ya ziwa. Huyu alisimama uwanjani akaapa Wakoli ni chetu, tutakichukua hata kesho. Kijiji chote cha Osieko kilishangilia kando ya redio. Vijana wakanoa mapanga ili wavuke wakawafukuze wavuvi wa ng'ambo. Rais mwenyewe hakutuma hata mtumbwi.

Saa tisa Brayo, rafiki wa Okwara, alikuja kumwita. Akachungulia, akaona mguu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ameanguka."

"Ameanguka akiwa kitandani?" Brayo alicheka. "Basi boss, baki na akina mama mwanike omena. Sisi tutakuletea kichwa cha mtu."

Okwara aligeukia ukuta, akalia kwa aibu.

Mashua zikaondoka na vijana tisa. Roselida alimshukuru Mungu kwa sauti. Wengine watazika watoto wao. Wake ndiye atakayemzika yeye.

Saa kumi na moja bunduki zikaanza kulia. Hazikulia kisiwani. Zililia pale pale ufuoni. Watu wa ng'ambo nao wana redio. Walikuwa wamesikia kiapo kile kile, wakazunguka kwa upande wa mafunjo. Walimwaga petroli kwenye nyumba, wakamkata kila waliyemfikia. Osieko ikakimbia.

Roselida alimburuta Okwara kwa makwapa mpaka mlangoni. Nguvu zikamwishia hapo.

"Simama, baba," alimsihi. "Simama kidogo tu."

"Mama, wanakuja. Kimbia."

Wale tisa walikuta Wakoli hakuna mtu. Walirudi wote, bila hata mkwaruzo, na kesho yake ndio waliomchimbia Okwara kaburi.