Swali Ambalo Klara Hakuliuliza

Mzee Fanueli alikaa ofisini mwa Klara, kofia magotini, akiisikiliza sauti yake mwenyewe ikisema maneno aliyoapa kwamba hakuyasema.

"Onga mshi, mwanangu," ilisalimu sauti kwa Kishambaa kutoka kwenye simu ya ofisi, ambayo hurekodi kila mazungumzo. "Nataka niuone mwamba ule kabla sijafa. Hebu nisomee namba za ramani."

Kisha ikasikika sauti ya Klara, changamfu, isiyo na wasiwasi wowote: "Shikamoo baba! Ngoja nifungue kompyuta."

"Zima, mwanangu," Mzee Fanueli alisema. "Inatosha."

Klara akazima. Kumwibia mzee kuku wake ni ubaya. Kumwibia sauti, akakaa mbele yako akiisikiliza, huo alikosa jina la kuuita.

Mwamba wenyewe ulikuwa siri ya kituo chao cha utafiti wa mimea. Droni ya vijana wa uhandisi iliuona mwaka uliopita kwenye bonde lisilo na njia, ukiwa umefunikwa na dughulushi, lile ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara. Ila haya yalikuwa meupe, na hakuna aliyewahi kuyaona kwingine. Wako watu ng'ambo ambao wangevuka bahari kwa ajili ya shina moja tu. Ndiyo maana namba za mahali pale zilifungiwa kwenye kompyuta, akakabidhiwa Klara, ambaye shahada yake ilikuwa bado inanukia wino. Amri ilikuwa moja: anayezitaka kwa simu aulizwe kwanza swali la siri. Hata akiwa mkurugenzi.

Klara hakuuliza. Mzee Fanueli, mtafiti mstaafu wa kituo hicho, ndiye aliyemfundisha, akiwa msichana wa darasa la saba, kukausha jani katikati ya magazeti bila kulivunja. Ndiye aliyemwandikia barua ya kwenda chuo. Umemwamkia mtu shikamoo, amekuitikia marahaba. Utamwambiaje tena athibitishe kuwa ni yeye?

Wiki tatu baadaye walinzi wa msitu walikuta mwamba umekwanguliwa. Halikubaki hata jani.

"Mimi sikupiga simu," Mzee Fanueli alisema kwenye kikao, na Klara akawa wa kwanza kumwamini. Namba iliyopiga ilikuwa ngeni, na sasa haikupatikana. Tena wote walikumbuka siku Aron, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, alipokuja kuwafundisha ulaghai wa kisasa. Alichukua mihadhara ya zamani ya Mzee Fanueli, akailisha mashine, na baada ya dakika chache mashine ikaanza kuwakaripia kwa sauti ya Mzee, mmoja mmoja, kwa majina. Walicheka hadi wakashika mbavu. Mzee alicheka kuliko wote, na maswali aliyouliza siku hiyo yalikuwa mengi kuliko ya vijana.

Tobia tu, msimamizi wa kitalu, ndiye hakuridhika.

"Mashine gani hiyo inayosalimia Kishambaa, Klara? Imezaliwa hapa milimani, Lukozi?"

"Mihadhara yake ilijaa Kishambaa, kaka Tobia. Imejifunzia humo."

"Haya. Na wewe jifunze basi. Ukishikilia kuwa ni mashine, kosa lote ni lako. Swali hukuuliza. Ijumaa wanakufukuza."

"Wanifukuze. Heri nikose kazi kuliko yeye aitwe mwizi na miaka yake sabini na minane."

Hakuwa anajigamba. Barua ya kukiri kosa alikwisha kuiandika, akaitia sahihi. Kilichobaki ni kuwaziba midomo waliokuwa wakinong'ona sokoni kwamba mzee yule kauza mwamba. Kwa hiyo alimtumia Aron rekodi, aipime kwa kifaa chake kipya kinachotambua sauti za kutengenezwa, ili majibu yasomwe mbele ya kikao cha Ijumaa.

Tangu hapo Mzee Fanueli alikuja kila siku. Leo alileta pichi kwenye kikapu, akamchagulia lililoiva zaidi.

"Achana na vipimo, mwanangu. Mimi nimekwisha kusamehe."

"Wewe umesamehe, baba. Watu je? Nataka jina lako lisafishwe hadharani."

"Unajiumiza bure."

"Si bure."

Mzee aliizungusha kofia yake magotini. "Na hicho kifaa chake, hakiwezi kukosea?"

"Aron anasema ni mara chache sana. Usiogope."

Klara aliona jinsi mabega ya mzee yalivyoshuka, akajilaumu upya. Yeye ndiye aliyemfikisha hapa, mtu aliyelea nusu ya wasomi wa milima hii, aombe dhamana kwa mashine.

Simu ikaita. Alikuwa Aron. Klara akaweka spika, Mzee asikie kwa masikio yake mwenyewe, kisha akaushika mkono wake mkavu na kuufunika kwa wake.

"Dada Klara." Aron alisema polepole, kama mtu anayeleta habari za msiba. "Nimeipima mara tatu. Nikampa na mwenzangu akaipima bila kumwambia kitu."

"Sema tu, Aron. Mzee yuko hapa, anakusikia."



"Dada, sauti hii haikutengenezwa. Hakuna mashine hapa. Aliyekupigia ni—"

Mkono aliokuwa ameushika ukachomoka, ukanyooka juu ya meza, ukaikata simu.