Mlango wa Deraya

"Mgeni rasmi keshaketi jukwaani, Mhandisi. Lipitishe gari!" Kanali Mbaruku alifoka.

Nasieku, mhandisi mkaguzi wa usalama, hakutulia. Alizidi kulizunguka gari jipya la deraya. Mlango wa askari uligoma kufunguka kila injini ilipopata moto, na wauzaji waliahidi kuurekebisha baada ya makabidhiano.

"Hatari hiyo naibeba mimi," kanali alisema.

Katika jeshi lile, aliyebeba hatari ndiye aliyepanda kwanza.

"Basi panda, afande." Nasieku akampa kofia ya chuma.

Kanali aliigeuzageuza, akaivaa, akaingia kwa mlango wa askari. Dereva akaliwasha gari, likazunguka uwanja huku bendi ikipiga, likasimama mbele ya jukwaa.

Kitasa cha mlango kikatikisika. Kikatulia. Bendi iliponyamaza, kila mtu alisikia ngumi zikigonga chuma kwa ndani. Nasieku alikuwa tayari anakimbia, mtaimbo mkononi.